UZI: Kitufe chekundu cha redio ya VHF botini – kabla hujakihitaji, hakikisha kinajua jina lako na mahali ulipo

Fundi wa Waya

Assalam alaykum wakuu.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza redio za baharini hapa Unguja: boti za watalii, boti za abiria, faiba za uvuvi, na mashua za mizigo ambazo wenyewe wameamua kuwa na redio. Uzi huu ni kwa manahodha na wenye vyombo wanaovuka kwenda Pemba, Tanga na Dar, kwa sababu kuna jambo nalikuta mara kwa mara na linanitia hofu.

Redio za VHF za siku hizi, hizi tunazoziita redio upepo, huja na kitufe chekundu chenye kifuniko. Mwenye boti akikiona anatulia moyo. "Fundi, hii ina kitufe cha hatari, yatosha." Nikiiwasha na kuingia kwenye menyu nakuta namba ya utambulisho haijaingizwa na GPS haijaungwa. Bila namba, kitufe hakitumi kitu. Namba ikiwepo lakini GPS haipo, kinawaambia watu kuwa kuna chombo kiko hatarini bila kusema kiko wapi. Sasa mtu anakutafuta wapi, kutoka Nungwi hadi Mkoani, usiku, kusi linavuma?

Nieleze inavyofanya kazi ili tuelewane.

Mfumo huu unaitwa DSC. Badala ya sauti, redio inatuma ujumbe wa kidijitali kwenye chaneli 70, masafa ya megahezi 156.525. Chaneli hiyo hairuhusiwi kuongelewa kabisa. Ujumbe wenyewe huchukua takriban nusu sekunde, na ndani yake mna vitu vinne: namba ya chombo, mahali kilipo, saa ya kipimo hicho cha mahali, na aina ya hatari. Redio yoyote yenye DSC iliyo ndani ya masafa, iwe ya meli ya mizigo, boti ya abiria au kituo cha pwani, inalia kwa nguvu na kuonyesha taarifa hizo kwenye kioo. Inalia hata kama nahodha alikuwa akisikiliza chaneli nyingine, kwa kuwa redio nzuri ina kipokezi cha pili ambacho kazi yake ni kusikiliza 70 tu. Na kwa sababu ni data, ujumbe unapenya pale ambapo sauti yako ingefika imekatikakatika.

Baada ya ujumbe ndipo inakuja sauti, kwenye chaneli 16, megahezi 156.800.

Jinsi ya kuita: fungua kifuniko, bonyeza kitufe na ukishikilie mpaka redio imalize kuhesabu, nyingi huchukua sekunde 3 hadi 5. Ukiwa na nafasi, kabla ya kushikilia chagua aina ya hatari kwenye orodha: moto, maji kuingia, mgongano, kupanda mwamba, kulala upande, kuzama, chombo kukosa nguvu na kuchukuliwa na maji, kukihama chombo, maharamia, mtu kuanguka baharini. Huna nafasi, usichague. Shikilia tu, itakwenda kama hatari isiyotajwa aina. Redio itaendelea kuurudia ujumbe yenyewe kila baada ya dakika 4 hivi mpaka mtu ajibu kwa DSC kuwa ameupata au wewe uughairi. Nyingi hujipeleka zenyewe chaneli 16. Kama yako haikwenda, ipeleke kwa mkono, ngoja kidogo kama robo dakika, kisha ongea. Usikae kimya ukisubiri jibu la kwenye kioo.

Kuongea ni hivi, polepole, bila kukimbilia (Mayday ni neno la kimataifa la kuita msaada wa hatari):

"Mayday, Mayday, Mayday. Hapa ni boti Subira, Subira, Subira. Namba yetu sita saba nne…" na tarakimu zote zilizobaki, moja moja. "Mayday, Subira. Tuko nyuzi 5 dakika 35 kusini, nyuzi 39 dakika 28 mashariki, kati ya Nungwi na Mkoani. Maji yanaingia, injini imezima. Tunataka msaada wa haraka. Tuko watu 14, majaketi tunayo. Boti nyeupe, paa la buluu. Nasikiliza."

Mahali panatangulia, shida inafuata, idadi ya watu baadaye. Betri ikikata katikati, angalau waliokusikia wanajua waelekee wapi. Wapo watu wanaoanza kwa kusimulia injini ilivyoanza kukohoa tangu walipotoka dikoni, na dakika zinakwenda.

Vyombo vya jirani vitaelewa Kiswahili. Meli ya nje ikipita, Kiingereza. Lakini neno Mayday na zile namba ziseme vilevile, kila baharia anazijua.

Maswali yaleteni hapa.

Nahodha Nungwi

Waalaykum salaam kaka. Uzi mzuri sana huu. Mie napeleka wageni Mnemba na kuzamia. Redio yangu nikibonyeza inaniambia niingize MMSI, nadhani ndiyo hiyo namba ya utambulisho uliyoitaja. Hiyo namba napata wapi? Kuna mtu kaniambia niweke yoyote ya tarakimu tisa itakubali.

Fundi wa Waya

Kaka yangu, usiweke yoyote! Itakubali kweli, na hapo ndipo hatari ilipo.

MMSI ina tarakimu 9. Kwa chombo, tatu za mwanzo ni za nchi. Tanzania tuna 674 na 677. Vituo vya pwani namba zao huanza na sifuri mbili kisha namba ya nchi, ndiyo maana ukiona 00674 ujue ni kituo cha nchi kavu. Namba yako unaiomba TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na leseni ya redio, ukiwa na hati za chombo. Na usajili wa chombo chenyewe kwa huku kwetu ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ZMA. Inaposajiliwa, nyuma ya zile tarakimu panaandikwa jina la chombo, ukubwa wake, mwenyewe ni nani. Mtu wa uokoaji akiipata namba anaweza kujua anatafuta boti ya aina gani na ampigie nani nyumbani aulize kama ni kweli imetoka. Namba ya kubuni inaweza kuwa ni ya meli nyingine iliyolala bandarini mbali huko, na waokoaji wakaishia kumpigia mtu ambaye hana habari.

Jingine: redio nyingi hukubali kuingizwa namba mara moja au mbili tu, kisha zinajifunga. Ukikosea, mpaka irudi kwa wakala wa watengenezaji ifunguliwe. Kwa hiyo iandike kwenye karatasi, mwite mwenzako akusomee, ndipo uthibitishe.

Na redio za mtumba. Nilifungua moja iliyokuja kwenye kontena pamoja na injini kukuu. Namba iliyokuwemo ilianza na 235. Hiyo ni Uingereza. Mwenye boti ameshaifunga, ameshaweka antena, anapeleka watu kila siku. Angebonyeza, wa kwanza kutafutwa angekuwa mzungu aliyeiuza redio. Kabla hujalipa pesa ya redio ya mtumba, iwashe, ingia kwenye menyu, tazama namba. Ina namba ya mtu na muuzaji hawezi kuifuta, iache.

Mkojani

Mwanangu fundi, mie mvuvi, nimezaliwa baharini na baba yangu kafia baharini. Haya mambo yenu ni ya vyombo vya wageni. Sisi tuna simu. Mtu akipata shida anampigia nduguye dikoni, watu wanatoka. Nani ana pesa ya redio na leseni? Na hiyo redio atakayeisikia nani? Wote hatuna!

Fundi wa Waya

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umesema, maana wengi wanafikiri hivyo na hawasemi.

Simu ichukuliwe, tena iwekwe kwenye mfuko usioingia maji. Sibishani na simu. Tatizo lake ni kwamba inamfikia mtu mmoja, na huyo mmoja awe macho, awe na chaji, na wewe uwe kwenye mtandao. Ukishauacha mgongo wa kisiwa ukaingia mkondoni, mtandao unakuja na kwenda. Redio inamfikia kila mwenye redio aliye karibu bila kujua namba yake, na aliye karibu nawe baharini ndiye atakayekukuta hai. Ndugu wa dikoni mpaka apate mafuta, apate injini, avuke, wewe mkondo umekuchukua kaskazini.

Mzee wewe unaujua mkondo huo kuliko mimi. Wakati wa kusi maji yanakwenda kasi kuelekea Kenya. Mtu akisema "tuliachana naye hapa" saa tatu zilizopita, hapo hayupo tena.

Kuhusu nani atasikia: boti za abiria zinazokwenda Mkoani na Wete zina redio. Meli za mizigo zinazopita nje zinazo, sheria za kimataifa za usalama wa maisha baharini zinazilazimisha. Mfumo wote huu ulikamilika kutumika kwa meli kubwa tarehe 1 Februari 1999. Boti nyingi za watalii Nungwi na Kendwa zinazo, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo cha Zanzibar, nao wana vyombo vyao. Wasikilizaji wapo. Anayekosekana ni mwitaji.

Bei ni kweli, sikatai. Kwa ngalawa ya mtu mmoja sitamwambia afunge redio ya 25 wati na betri kubwa. Lakini faiba inayokwenda dago (kambi ya uvuvi) na watu kumi, injini yake imegharimu kiasi gani? Redio ni sehemu ndogo sana ya hiyo.

Mama wa Wete

Naomba niingie, ingawa mie abiria tu.

Tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander I ikija kwetu Pemba, mtaani kwetu hakukuwa na nyumba isiyokuwa na msiba au isiyokwenda kwenye msiba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikitoka Dar ikazama karibu na Chumbe. Tangu hapo kila nikipanda chombo naangalia kwanza majaketi yako wapi. Kwa huu uzi nimeona kuna kingine cha kuangalia.

Swali langu, fundi: nahodha mwenyewe akiwa ndiye aliyeumia au kaanguka baharini, sisi abiria tufanye nini? Mara nyingi kwenye boti ndogo anayejua redio ni mmoja.

Fundi wa Waya

Bibi, Mungu awarehemu wote waliotangulia.

Swali lako ni zito na ningependa kila nahodha alisome mara mbili. Boti ndogo ina nahodha na kijana wa nanga. Nahodha akianguka, kijana anajua kushika usukani, redio haijui, kwa sababu haruhusiwi kuigusa. Hilo tuliache. Kila anayefanya kazi botini afundishwe, tena mikono ikishika: kifuniko hiki, kitufe hiki, shikilia, ongea hapa.

Na pembeni ya redio ibandikwe kadi. Mimi naandika kwa kalamu isiyofutika na naifunika kwa plastiki: jina la chombo, MMSI, hatua za kubonyeza, maneno ya kusema kwa mpangilio, na chini yake namba za simu za ZMA, KMKM na ofisi ya bandari unayotoka. Herufi kubwa ziweze kusomeka boti ikicheza. Abiria yeyote anayejua kusoma ataweza kuita msaada. Mtoto wa skuli ataweza.

Afisa wa Zamu

Nimekuwa nikifanya zamu kwenye chumba cha usukani cha boti ya abiria, kwa hiyo niseme ya upande wa anayepokea, maana watu wanabonyeza bila kujua huku kunatokea nini.

Redio inaanza kulia sauti ambayo huwezi kuipuuza, inapanda na kushuka, haikati mpaka ubonyeze. Kwenye kioo naona namba, nyuzi za kusini na mashariki, saa, aina ya hatari. Kitu cha kwanza ninachofanya ni kuandika kwenye daftari, kabla ya chochote. Kisha naenda 16 nasikiliza. Sipokei kwa DSC, yaani sibonyezi kitufe cha kujibu kwamba nimeupata, na manahodha wenzangu mnisikie hapa: kupokea kwa DSC tuwaachie vituo vya pwani. Chombo kikipokea kwa DSC, redio ya mwenye shida inaacha kurudia ujumbe, na pengine kituo cha pwani kilikuwa bado hakijaupata. Chombo kinapokea kwa sauti kwenye 16: "Mayday" na namba au jina lake, mimi fulani, nimeipokea Mayday yako. Nikiona hakuna kituo kilichojibu, napeleka habari pwani kwa njia yoyote niliyonayo, redio au simu, ili Kituo cha Kuratibu Utafutaji na Uokoaji kilichoko Dar es Salaam na wenzao wa Zanzibar wajue.

Kinachonikatisha tamaa ni pale kioo kinapoonyesha namba halafu mahali pakawa patupu. Redio imelia, nimeshtuka, abiria wameshtuka, nageuza wapi? Nabaki kuita kwenye 16 "chombo kinachoita Mayday, uko wapi?" Kwa hiyo fundi anaposema GPS iungwe, hasemi ili auze waya.

Halafu soga kwenye chaneli 16. Jamani! Watu wanauliziana bei ya pweza kwenye 16. Itaneni hapo, kisha hamieni chaneli nyingine mkaongee. Na maiki ikikaliwa na mtu au ikibanwa na kamba, kitufe cha kusemea kikabaki kimebonyea, eneo zima halisikii kitu isipokuwa injini yako.

Nahodha Nungwi

Hapo kwenye GPS. Redio yangu haina GPS ndani, lakini ninayo GPS ya kutafutia mahali pa kuzamia, iko pembeni yake hapo hapo. Naziungaje?

Fundi wa Waya

Kazi ndogo hiyo. GPS yako nyuma ina waya zinazotoa taarifa, redio ina waya zinazopokea. Lugha yao ni moja, inaitwa NMEA 0183. Ya kutolea ya GPS inaunganishwa na ya kupokelea ya redio, na ya pili yake vivyo hivyo. Rangi za waya usizikariri, kila mtengenezaji ana zake, soma kitabu chake. Ukimaliza, ingia menyu ya GPS uiwashe itoe taarifa, kisha tazama kioo cha redio: mahali na saa vitajitokeza vyenyewe. Izime GPS kidogo uone redio inalalamika. Ikilalamika, ujue kweli ilikuwa inasoma kutoka hapo.

Ungio usilisokote na kulifunga tepu ya umeme ya dukani. Chumvi itaingia. Nimeshafungua waya ambao kwa nje ni mzima, ukiukata, shaba ndani imekuwa ya kijani mpaka mkono mzima. Tumia viungio vya kubana vyenye gundi ndani, na kwenye plagi ya antena zungusha ile tepu ya mpira inayoshikana yenyewe.

Betri nayo. Redio ikisema kwa nguvu zake zote, 25 wati, inavuta ampea 5 hadi 6. Jaribu hivi: washa, tazama mwanga wa kioo, bonyeza kitufe cha kusemea. Kioo kikififia, betri imechoka au waya wa umeme ni mwembamba au fyuzi ina kutu. Na betri isikae sakafuni mwa boti. Maji yanapoanza kuingia yanakwenda pale kwanza, na redio inakufa wakati ule ule unapoihitaji. Iinueni, chini ya kiti cha nahodha au juu zaidi, na ifungwe isiruke.

Kijana wa Tumbe

Fundi, mie nina redio isiyounganishwa na GPS, boti si yangu, mwenyewe hataki kutumia pesa. Kuna mahali pa kuingiza nyuzi kwa mkono na inataka saa. Niliweka saa yangu ya mkononi, jamaa akaniambia si hiyo.

Fundi wa Waya

Jamaa yako yuko sawa. Redio inataka saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa nne asubuhi yetu, ambayo kwenye simu ni 10:00, UTC ni 07:00.

Kwa sisi tunaohesabu saa ya Kiswahili kuna njia nyepesi. Saa ya mchana, ongeza tatu: saa nne asubuhi, nne na tatu, saba, 07:00. Saa tisa alasiri, tisa na tatu, 12:00. Saa ya usiku ongeza kumi na tano: saa tatu usiku inakuwa 18:00. Ikifika 24 au kuzidi, toa 24: saa kumi alfajiri, kumi na kumi na tano ni 25, toa 24, inabaki 01:00. 

Ukikosea saa, waokoaji watadhani mahali ulipotaja ulikuwa hapo saa tatu kabla au baadaye, na watakupigia hesabu ya mkondo isiyo yako.

Mahali palipoingizwa kwa mkono panazeeka. Redio yenyewe itakukumbusha baada ya muda wa saa nne, na ikikaribia siku nzima inapafuta kabisa. Lakini kwa mwendo wa boti, saa nne ni nyingi mno. Ukiwa unavuka, kila nusu saa ingiza upya. Ni usumbufu, ndiyo, na mwonyeshe mwenye boti uzi huu. Waya mbili tu anazokataa kulipia.

Mkojani

Haya, nimesoma yote. Huyo Afisa kanigusa. Mie sina betri kubwa wala pa kufunga antena, chombo changu tanga. Zile redio za mkononi je? Nimeona kijana mmoja anayo, inaelea.

Fundi wa Waya

Zipo mzee, na kwa chombo chako ndizo ninazokushauri. Tafuta yenye DSC na GPS ndani yake, maana za mkononi nyingi zinazouzwa ni za sauti tu. Ina kitufe chekundu vilevile, haihitaji waya wowote. Kwa redio za mkononi kuna mpangilio wa namba zinazoanza na 8 kisha namba ya nchi. Ukiomba waeleze kuwa ni ya mkononi.

Lakini nisikufiche kasoro yake. Mawimbi ya VHF yanakwenda kwa mstari mnyoofu, mpaka yanapoona, kwa hiyo kimo cha antena juu ya maji ni muhimu kuliko nguvu. Hesabu yake: kipeuo cha pili cha kimo hicho kwa mita, zidisha kwa 2.2, unapata maili za baharini mpaka upeo wake. Fanya hivyo kwa anayeita na anayesikiliza, jumlisha. Wewe umekaa chomboni, redio iko mita 1 juu ya maji: maili 2.2. Boti ya abiria antena yake tuseme iko mita 16: kipeuo ni 4, mara 2.2 ni maili 8.8. Jumla maili 11. Ngalawa kwa ngalawa, wote mmekaa, ni kama maili 4 tu, tena redio ya mkononi ina wati 5 au 6, basi chukua pungufu ya hapo.

Sasa Nungwi hadi Mkoani ni takriban maili 30 kwa mstari. Ukiwa katikati, Nungwi iko maili 15 na Mkoani maili 15. Redio ya mkononi ukiwa umekaa usitegemee ifike pwani, lakini boti ya abiria ikipita ndani ya hizo maili 11 ina nafasi ya kukusikia. Simama ukiweza, ishike wima juu ya kichwa, usiilaze. Wenye boti zenye paa, antena iende juu kabisa: mita 4 inakupa upeo wa 4.4, mara mbili ya aliyekaa na mita 1.

Kwa wanaokwenda mbali zaidi, nje ya Pemba kwenye bahari kuu, VHF peke yake haitoshi. Hao ningewaambia wachukue boya la satelaiti la megahezi 406. Lenyewe linapeleka ishara juu, halitegemei nani yuko karibu. Nalo linasajiliwa, lisiposajiliwa linakuwa na upungufu kama wa redio yenye namba isiyosajiliwa: waokoaji hawajui ni la nani.

Mama wa Wete

Na mtoto akikibonyeza kwa kuchezea? Nauliza kwa sababu wanangu hawakai.

Afisa wa Zamu

Usiizime redio ukakaa kimya kwa kuogopa, hilo ndilo kosa kubwa. Watu watatoka kukutafuta, na chombo kinachokutafuta wewe hakipo kwa mwenye shida ya kweli. Redio za sasa nyingi zina sehemu ya kughairi kwenye menyu, tumia hiyo. Kama haina, izime mara moja ili isirudie, iwashe tena. Kisha lazima uende 16 useme kwa sauti: "Vituo vyote, vituo vyote, vituo vyote, hapa ni boti fulani," namba yako, "naghairi Mayday niliyotuma kwa bahati mbaya saa fulani." Baki hapo usikilize, mtu anaweza kukuuliza. Anayeghairi kwa haraka na kwa uwazi amewasaidia wote. Sisi tunaopokea tunashukuru, tunaandika kwenye daftari, tunaendelea na safari.

Na mtu asikijaribu kitufe chekundu "kuona kama kinafanya kazi". Redio nyingi zina simu ya majaribio ndani ya menyu: unaingiza namba ya mwenzako, inatuma kwenye 70, ya kwake inajibu. Hiyo ndiyo ya kujaribia.

Nahodha Nungwi

Nimeshaandaa hati, wiki hii nafuatilia namba. Fundi, nikishaipata na GPS ikaungwa, tutafanya hiyo ya majaribio?

Fundi wa Waya

Tutafanya kaka. Nitumie namba kwa ujumbe wa pembeni, siyo hapa. Ukiwa tayari toka nje kidogo ya mwamba, mie nitakuwa na boti ya mteja upande wa Tumbatu. Unaanza wewe kunipigia, kisha nakupigia mie, kwa sababu redio inaweza kutuma vizuri na kupokea vibaya. Halafu unanitumia ombi la mahali, niangalie nyuzi zinazokuja kwangu zinalingana na zilizo kwenye kioo chako. Kijana wako wa nanga awe ndiye anayebonyeza, wewe simama pembeni umwangalie.

Mkojani

Fundi, ukija Pemba nijulishe. Wapo wenzangu kumi hapa dikoni wanataka kuiona hiyo ya mkononi kabla hawajatoa pesa.

Fundi wa Waya

Inshallah mzee, nitakuja na moja yenye chaji. Tutatoka nayo kidogo kwa chombo chako, mmoja abaki pwani na ya pili, mkajionee wenyewe inafika wapi ukiwa umekaa na inafika wapi ukiwa umesimama.